KOPO LETU LA FITRI LILIKUWA PUNGUFU



Ndugu zangu katika imani, leo naanza na aibu yetu wenyewe, kisha ndiyo nije kwenu wafanyabiashara.

Hapa Nyegezi, msikitini kwetu, kwa miaka mingi tumepimia Zakatul-fitri kwa kopo moja la plastiki. Nani alilileta, hakuna anayekumbuka. Tuliambiwa hii ndiyo pishi, tukaitikia. Baada ya Idi iliyopita kijana mmoja mwenye duka akaja na mizani yake yenye stika ya ukaguzi. Tukajaza kopo mchele, tukapima: kilo 1 na gramu 800. Wanazuoni wanapokadiria pishi ya Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) kwa kilo, wanataja kilo 2 na kidogo mpaka kilo 3, na wengi tumezoea 2.5. Sijui kauli hata moja inayoliokoa kopo letu.

Usiniambie "nia ndiyo muhimu, sheikh". Nia ilikuwa nzuri. Kopo ndilo lilikuwa dogo.

Elewa kwanza kwamba pishi ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, si uzito. Pishi ya mchele, ya unga na ya tende hazilingani kwenye mizani. Kwa hiyo anayesema "kilo mbili na nusu kwa kila chakula" anakadiria tu. Hata wakubwa wetu walitofautiana. Imepokewa kuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alifika Madina akiamini pishi ni ratili nane, kama walivyoshika watu wa Iraq. Wazee wa Madina wakamletea vipimo walivyorithi kwa baba zao, waliotolea fitri zama za Mtume. Akavipima, akakuta ratili tano na theluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake. Hakushinda kutwa akibishana, alitazama kipimo chenyewe!

Na hiyo ndiyo elimu ya vipimo mpaka leo: kila kipimo kinalinganishwa na kilicho sahihi kuliko chenyewe. Kwa zaidi ya miaka 100 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichohifadhiwa karibu na Paris. Mwaka 2019 kikastaafishwa, kwa kuwa kilipolinganishwa na nakala zake vilionekana kuachana kwa mikrogramu chache. Wao waliogopa mikrogramu. Sisi tulilala usingizi na gramu mia saba za maskini.

Sasa wewe wa dagaa. Unajua ninachosema. Sado iliyobonyezwa kitako kwa ndani, dagaa wanarundikwa juu mlima, chini pango. Mama anaondoka anakushukuru. Na wewe wa duka unayefunga droo ukisikia Wakala wa Vipimo wapo mtaani, ukisema wanakusumbua: huyo mkaguzi anafanya kazi ya muhtasib, aliyekuwa akizunguka masoko ya Waislamu akikagua mizani. Mkaribishe kiti.

Lakini Suratul-Mutaffifin haikuanza na muuzaji anayepunja, jamani. Imeanza na anayejipimia kwa watu akataka kijae. Huyo ni nani leo? Ni mnunuzi wa lumbesa. Anakwenda kwa mkulima wa mpunga, gunia linashonewa kilemba juu, linapita kilo 100 ambazo sheria imeweka kuwa mwisho, na bei ni ya gunia moja. Akifika mjini anauza kwa kilo, gramu kwa gramu. Halafu tunamwona safu ya mbele. Watu wa Nabii Shuaib (alayhi salaam) walionywa juu ya Tauhidi na vipimo kwa pamoja, nasi tumechukua la kwanza, la pili tumewaachia serikali.

Kopo la zamani tumelitoboa. Tumenunua jagi lenye alama za lita, na mizani. Upungufu wa mwaka huu tumeununulia mchele, utagawiwa Ijumaa baada ya Alasiri, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye daftari la fitri. Ukimjua aliyehama, mwambie aje au atume mtu.

Ile miaka ya nyuma, daftari hatuna.