Je, Daktari Kijana Hana Budi Kuwa na Utafiti?



Zamani mzazi wa pwani akijaaliwa mtoto kuingia chuo cha udaktari, alihesabu kwamba safari imekwisha. Leo amejua kuwa chuo ni kizingiti tu. Baada ya shahada huja kutafuta nafasi ya mafunzo ya ubingwa, na hapo ndipo penye msongamano. Vijana wetu wenye nia ya kusomea ubingwa Marekani huwaambia mama zao kwamba bila utafiti hakuna nafasi. Kisha hufuata ombi: masurufu ya mwaka mzima akafanye utafiti bila mshahara, au ada ya mtu aliyeahidi kutia jina lake katika makala. Mama hutazama bangili zake. Kabla hazijauzwa, na tuujue ukweli wa jambo lenyewe.

Kule Marekani mwanafunzi huomba hospitali nyingi na kuitwa kwa mahojiano. Kisha yeye na hospitali kila mmoja huandika orodha ya chaguo lake kwa daraja. Mpango wa kitaifa uitwao Match huzilinganisha orodha hizo, na matokeo hutangazwa mwezi wa Machi. Mtihani wa kwanza wa leseni, Step 1, ulikuwa ukitoa alama, na wengi walichujwa kwa alama hizo. Tangu Januari 2022 hutoa jibu la kufaulu au kufeli peke yake. Chujio hilo lilipoondoka, macho yaligeukia mambo mengine: mtihani wa pili ambao bado una alama, barua za walimu, na utafiti.

Je, utafiti ni lazima? Jawabu hutegemea mlango anaoubisha. Katika fani zenye nafasi chache na waombaji wengi, kama upasuaji wa ubongo na magonjwa ya ngozi, utafiti umekuwa kama sharti lisiloandikwa. Takwimu za Match za 2022 zaonyesha kuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliopata nafasi ya upasuaji wa ubongo waliorodhesha, kwa wastani, zaidi ya kazi 20 kila mmoja. Lakini hesabu hiyo hujumlisha makala, mihtasari na mawasilisho ya makongamano. Utafiti mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili au tatu.

Anayetaka tiba ya familia, magonjwa ya watoto au magonjwa ya ndani hali yake ni nyingine. Huko wengi hupokewa wakiwa na kazi chache tu. Kwa kijana aliyesomea nje ya Marekani, yanayotangulia ni kufaulu mitihani vizuri, kuwahi kushinda wodini katika hospitali za kule, na kupata barua za madaktari waliomwona akifanya kazi. Mwaka mzima wa utafiti haumfai aliyeshindwa katika hayo.

Na anayebaki nyumbani asibebe mzigo usio wake. Hapa Kenya, baada ya masomo ya miaka sita na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, daktari huweza kuomba shahada ya uzamili ya tiba. Tasnifu ya utafiti ni sehemu ya masomo hayo yenyewe. Ataufanya akiwa ndani, chini ya mwalimu.

Ama hilo la kununua jina katika makala, tuliite kwa jina lake: ni uongo. Mwandishi wa utafiti ni yule aliyeufanyia kazi na awezaye kuujibia. Wasaili huulizia kila kilichoandikwa, na njia ya mwongo ni fupi. Anayebainika amedanganya katika maombi yake huweza kupoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Tena, aliyezoea kughushi karatasi, nani atamwamini na cheti cha mgonjwa?

Wala tusiudharau utafiti wenyewe. Kilifi, jirani yetu, pana kituo cha utafiti wa afya tangu 1989. Watafiti wake waliongoza uchunguzi katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, wa watoto zaidi ya 3,000 waliolazwa kwa homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Ilidhaniwa kuwa kuwatilia dripu nyingi kwa haraka kutawaokoa. Matokeo yaliyotangazwa 2011 yalikuwa kinyume: kati ya waliotiliwa, takriban 10 katika kila 100 walifariki ndani ya siku mbili, kati ya wasiotiliwa, 7. Desturi iliyoonekana ni rehema ilikuwa ikidhuru, na lau si utafiti isingalijulikana.

Basi mzazi, mwanao akija na ombi lake, muulize matatu. Fani gani unaitaka? Swali gani la wagonjwa unataka kulijibu? Na nani atakuongoza? Akiwa na majibu, msaidie kwa uwezo wako. Asipokuwa nayo, mwambie ashike kwanza vitabu na wodi, na bangili zibaki mkononi mwa mama yake.