Beetle kuukuu si chuma chakavu

Wadau, tuambiane ukweli. Nimechoka kusikia kwamba mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hapa Kitale au Bungoma anafuga chuma chakavu. Je, na lile gari ambalo taa moja ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anakwambia kwanza utafute kompyuta ya kulisoma?

Beetle ni kama programu huria. Fungua boneti ya nyuma: karabureta, plagi, pointi, vyote mbele ya macho. Injini hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuvuja njiani Webuye. Uzito umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, na kwenye tope hilo ni jambo kubwa. Safari Rally ya 1962 ilishindwa na nani? Beetle!

Hasara zipo, tusifichane. Haina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Uzalishaji ulikoma Meksiko mwaka 2003, hivyo vipuri halisi ni vya kusaka. Kama kila siku unapishana na malori ukiwa na watoto ndani, nunua jingine.

Lakini msituite wajinga. Gari usiloweza kulifungua ukalielewa umelikodi tu, hata kama logbuku ina jina lako.