Sweta la Mwezi wa Julai

Ndugu msomaji, sisi tukaao Dar es Salaam tunakijua kipupwe. Julai ikifika, kondakta wa basi la alfajiri huvaa koti, mama muuza maandazi hujitanda kanga ya pili, na watu husalimiana kwa kulalamika kwamba mwaka huu baridi imezidi. Sasa ufikirie mji wa pwani ambako ubaridi huo wa alfajiri yetu ndio joto lao la saa nane mchana, tena katikati ya kiangazi. Mji huo ni San Francisco, katika jimbo la California, huko Marekani. Mwaka 2025 nilikaa huko majuma matatu ya mwezi wa Julai kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, na leo napenda kukusimulia jinsi watu wa mji ule wanavyostarehe ndani ya ukungu.

Nilishuka uwanja wa ndege na gauni jepesi. Dada alinitazama, akacheka, kisha akatoa sweta mkobani. Alikuwa amelibeba makusudi. Akaniambia kwamba wageni wote hufanya kosa hilohilo, na kwamba kule kwenye gati la wavuvi wako wafanyabiashara wanaoendesha maisha yao kwa kuwauzia masweta wageni waliokuja na kaptura.

Ukungu wa San Francisco si wa milimani, kama ule wanaoujua ndugu zetu wa Lushoto na Njombe. Huu huzaliwa baharini. Mkondo wa maji baridi hushuka kutoka kaskazini kando ya pwani ya California, na pepo za kiangazi huyasukuma maji ya juu mbali na ufuko, hata yale ya vilindini yaliyo baridi zaidi yakapanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki ikipita juu ya maji hayo hupoa na kugeuka ukungu. Wakati huohuo bonde kuu lililoko bara huchomwa na jua. Hewa yake ya moto hupaa, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kuziba pengo. Milima ya pwani huizuia, isipokuwa pale penye mwanya, kwenye mlango wa bahari uitwao Golden Gate, na mji umekaa papo hapo mlangoni. Kwa hiyo kadiri bara linavyoungua, ndivyo mji unavyotetemeka. Septemba na Oktoba, bara likianza kupoa, ndipo San Francisco hupata joto lake.

Wenyeji wameupa ukungu jina. Wanauita Karl, tangu mtu mmoja alipoanza mwaka 2010 kuandika mtandaoni kana kwamba yeye ndiye ukungu wenyewe. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao timamu, wakiulizana kituo cha basi mbona Karl amechelewa leo.

Inasemekana pia kwamba ukungu ulisaidia kuuficha mji usijulikane na wageni. Merikebu za Kihispania zilipita nje ya mlango ule kwa muda wa karne mbili bila kuiona ghuba iliyo ndani. Wahispania walipoiona hatimaye, mwaka 1769, waliiona kwa miguu, wakitokea nchi kavu. Chombo chao cha kwanza kiliingia mwaka 1775. Watu wa kabila la Ohlone, waliokuwa wakiishi pale tangu kale, bila shaka hawakuwa na habari kwamba ghuba yao imepotea.

Dada yangu alikuwa amepanga chumba na jiko katika mtaa wa Sunset, upande wa magharibi, karibu na bahari. Usidanganywe na jina la mtaa, maana machweo yenyewe huonekana kwa nadra. Nyumba za huko zimeshikana bega kwa bega, na chini ya kila moja ipo banda la gari. Nyuma ya banda hilo wenye nyumba wengi hutengeneza chumba cha kupangisha. Chumba cha dada kilikuwa cha namna hiyo, chenye dirisha moja linalotazama ua na mlimao. Wenye nyumba waliishi orofani: wazee wawili wenye asili ya Kichina, kama walivyo wakazi wengi wa mtaa ule. Dada alikaa humo miaka kumi na mmoja.

Raha yake ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa ya safari. Tramu iitwayo N hutoka katikati ya mji, ambako mara nyingi jua linawaka, ikaingia katika handaki lililochimbwa chini ya kilima na kufunguliwa mwaka 1928. Dada alinikalisha dirishani. Tuliingia handakini watu wakiwa wamevaa miwani ya jua. Kidogo tu tukatokea upande wa pili, na kadiri tulivyoteremka kwenda magharibi ndivyo weupe ulivyotufunga, hata duka lililo ng'ambo ya barabara likawa kivuli. Wakati huo niliona jambo la kupendeza. Pasipo mtu kusema neno, karibu behewa zima lilikuwa likifunga vifungo vya makoti. Mzee mmoja alilivuta sweta lake mkobani bila hata kuinua macho kutoka gazetini. Dada alisema kwamba akitoka zamu ya usiku, amechoka hata hawezi kuzungumza, hapo handakini ndipo huhisi amefika kwake.

Raha ya pili ni ya tumbo, nami sitaificha. Barabara ya Irving ina maduka ya mikate ya Kichina yanayofunguliwa asubuhi na mapema. Humo hupatikana maandazi laini yenye ukoko wa sukari juu, yaitwayo maandazi ya nanasi ingawa ndani hamna nanasi hata chembe. Ni ukoko tu uliochanikachanika kama ganda la tunda hilo. Unalinunua la moto, unalishika kwa mikono miwili kupitia karatasi, unatoka nje kwenye ukungu. Ukiuliza watu wa mtaa ule kwa nini wanavumilia baridi, wengine watakujibu kwamba kitu cha moto hakina ladha hiyo mahali penye joto. Niliwaamini.

Lakini siku yenyewe ni Jumapili, nayo ni ya bustani. Golden Gate Park ina ukubwa wa hekta zipatazo 400, imelala kama mkeka mrefu kutoka kati ya mji hadi baharini. Ilipoanzishwa mwaka 1870 eneo lile lilikuwa mchanga mtupu unaohamahama kwa upepo, na wapo waliosema kwamba hapo hauoti hata mti mmoja. Mhandisi William Hammond Hall aliushika mchanga kwanza kwa shayiri na mimea mingine ya haraka, kisha ndipo miti ikafuata. Mrithi wake, John McLaren, aliitunza bustani ile kwa zaidi ya miaka hamsini. Leo mikaratusi na misonobari imesimama kama msitu wa enzi za mababu, na ukungu ukipita katikati yake hunaswa na majani ukageuka matone. Nilisimama chini ya msonobari mmoja mvua ikininyeshea. Nikapiga hatua tatu nje ya kivuli chake, pakavu. Ile miti mirefu mno ya pwani ya California, iitwayo redwood, hupata kiasi cha theluthi ya maji yake kwa mwaka kutokana na ukungu. Hata hivyo, utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ukungu wa pwani ile umepungua kwa theluthi moja tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mambo haya mawili dada aliyajua kwa moyo, na alipenda kuyataja pamoja.

Bustani haina kiingilio. Bendi yake hupiga Jumapili bila malipo, na imekuwepo tangu mwaka 1882. Tulikaa kwenye benchi, blanketi magotini, chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu. Mbele yetu wazee walikuwa wakicheza dansi wamevaa makoti ya baridi. Ingekuwa kwetu tungesema hali ya hewa imeharibu shughuli. Kule hakuna aliyeitaja.

Hapa, ndugu msomaji, nataka nikutoe kwenye chai kidogo. Raha hizi zinazoonekana kuwa za bure zilipiganiwa. Katika miaka ya 1950 serikali ilikuwa na mpango wa kuupasua mji kwa barabara kuu kumi za magari ya mwendo wa kasi. Wakazi walipinga, na mwaka 1959 halmashauri ya mji ikakataa saba kati ya hizo. Mpango mwingine wa kupitisha barabara kuu katika upande wa bustani ile ulikataliwa katika miaka ya 1960. Zile tramu maarufu zinazovutwa kwa kamba ya chuma chini ya barabara, zilizoanza mwaka 1873, meya alitaka kuzifuta mwaka 1947. Mama mmoja, Friedel Klussmann, akakusanya wanawake wenzake, wakalipeleka jambo hilo kwenye kura, wakashinda. Barabara kubwa ya ndani ya bustani ilianza kufungwa kwa magari siku za Jumapili mwaka 1967, na mwaka 2022 ikafungwa moja kwa moja. Nilipokuwa huko watoto walikuwa wakijifunza kuendesha baiskeli katikati yake, baba zao wakikimbia nyuma wameshika kiti.

Wala si kila ushindi unapendwa na wote. Kando ya bahari, mwisho wa mtaa wa dada, ilikuwapo barabara ya magari yenye urefu wa kilomita zipatazo tatu, ambayo mchanga ulikuwa ukiifunika mara kwa mara. Novemba 2024 wapiga kura wa mji mzima waliamua iwe bustani, nayo ikafunguliwa Aprili 2025. Lakini mitaa ya magharibi, iliyo jirani na barabara yenyewe, kwa wingi ilikuwa imekataa. Septemba 2025, nikiwa nimekwisha rudi nyumbani, wakazi wa mtaa huo walimwondoa diwani wao kwa kura kwa sababu aliunga mkono jambo hilo. Mimi nilitembea pale alfajiri, bahari ikivuma bila kuonekana, nikasema moyoni kwamba waliopiga kura ya ndiyo walifanya vyema. Jioni yake muuguzi mwenzake dada, anayekwenda kazini kwa gari kwa sababu zamu yake huanza kabla ya tramu, alituambia kwamba safari yake imekuwa ndefu na hakuna aliyemuuliza. Sikuwa na jibu la kumpa, na hata sasa sina.

Jumapili yangu ya mwisho tulikwenda kwenye daraja. Golden Gate lilifunguliwa mwaka 1937, lina urefu wa kilomita 2.7, na rangi yake ya chungwa lililoiva ilichaguliwa pamoja na mambo mengine ili lionekane katika ukungu. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Siku hiyo halikuonekana kabisa; tulikanyaga tusichokiona mwisho wake. Yamefungwa mabaragumu katika sehemu mbili, kwenye mnara wa kusini na katikati ya daraja, na kila sehemu ina sauti yake na mpango wake wa kulia, ili nahodha ajue yuko upande gani. Lile la katikati lilipolia chini ya miguu yetu, nililisikia kifuani kabla ya masikioni. Kuna usiku ambapo sauti hizo humfikia dada hata kitandani, kwa mbali.

Hapo darajani ndipo aliponiambia kwamba anahama. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa ameoa, na wazee wanamtaka akae karibu nao, katika chumba kile cha nyuma ya banda. Sheria inawaruhusu, na dada hakuwalaumu. Mama mwenye nyumba alikuwa amelia alipomweleza. Shida ni moja. Katika mji ule sheria ya mwaka 1979 huzuia kodi ya nyumba za zamani isipandishwe ovyo kwa mpangaji aliyemo. Akishatoka, akatafuta kwingine, hukutana na bei ya soko ya siku hiyo. Dada alikwisha zunguka miezi miwili. Kwa mshahara wa muuguzi, mwenye wazazi Morogoro wanaomtegemea na mtoto chuoni, hakupata chumba katika mji anaouguzia watu wake.

Nilimwambia kwamba atazoea. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema tutembee, baridi inaingia.

Amehamia Concord, ng'ambo ya ghuba, nyuma ya vilima, ambako Julai jua huwaka kama la Dodoma na ukungu haufiki mara nyingi. Chumba ni kikubwa zaidi, na nguo alizofua asubuhi hukauka kabla hajamaliza chai. Husafiri kwenda kazini kwa treni inayopita chini ya maji ya ghuba. Ananipigia simu Jumapili, kwao ikiwa asubuhi, kwetu usiku.

Juma lililopita alinieleza kwamba Jumamosi hakuwa na zamu, lakini alipanda treni hata hivyo, akashuka mjini, akaingia tramu ya N, akakaa dirishani. Kabla ya handaki alilitoa sweta mkobani akaliweka magotini. Alinunua maandazi sita Irving, akampelekea mama mwenye nyumba manne.