Mtandao si Ubao wa Matangazo: Wito kwa Vyama vya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii ndiyo msingi wa kila shirika lisilolenga faida, liwe la kutoa msaada wa dharura au la kukuza lugha. Shirika la aina hiyo halina bidhaa za kuuza wala hisa za kugawa; rasilimali yake kuu ni watu walio tayari kujitolea. Hata hivyo, mengi ya mashirika haya, vikiwemo vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu, huutumia mtandao kama ubao wa matangazo tu. Mwaliko wa kongamano hubandikwa, picha za viongozi na mgeni wa heshima hufuata, kisha kimya hutanda hadi kongamano jingine. Wanachama huarifiwa ilhali hawashirikishwi. Makala haya yanashikilia kwamba mtandao hulifaa shirika pale tu unapowagawia watu kazi, tena kwa lugha wanayoimudu.

Mfano bora ulizaliwa papa hapa nchini. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipozua ghasia, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Mapema mwaka 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao walibuni jukwaa la Ushahidi. Mwananchi aliyeshuhudia nyumba ikichomwa au barabara ikifungwa aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa rununu, kwa barua pepe au kupitia tovuti, nayo ikaonyeshwa kwenye ramani. Waanzilishi hao hawakuwa na wanahabari katika kila kijiji. Waliigawa kazi kubwa katika vipande vidogo, hata kila kipande kikawa chepesi kiasi cha kufanywa na mtu mmoja kwa dakika chache.

Jukwaa hilo lilivuka mipaka. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walilitumia kuchora ramani ya maafa. Wahanga walituma jumbe kwa nambari fupi 4636, aghalabu kwa Krioli ya Haiti, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuielewa. Wahaiti waliotapakaa ughaibuni walijitolea kuzitafsiri jumbe hizo na kueleza mitaa iliyotajwa ilikuwa wapi. Hapa pana funzo kubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Mitambo ilikuwapo na waokoaji walikuwapo, lakini kilio cha mhanga kingepotea njiani pasipo mfasiri. Ujuzi wa lugha, ambao baadhi ya watu huudunisha kuwa hauna soko, ulikuwa kiungo cha kuokoa maisha.

Kiswahili nacho kina historia yake katika ushirikiano wa aina hii. Mwaka 1994, Martin Benjamin alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Yale, ambamo watumiaji wa intaneti walichangia maneno na maana. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kwa jasho la wachangiaji wa kujitolea makala yake yamepita 70,000. Mwishoni mwa mwaka 2009, kampuni ya Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu la kuandika makala ya Wikipedia kwa Kiswahili. Mamia ya makala yalipatikana. Shindano lilipofungwa, hata hivyo, wengi wa walioingia kwa ajili ya zawadi hawakurudi. Zawadi huleta umati, lakini mazoea ya kufanya kazi pamoja ndiyo hujenga jumuiya.

Je, vyama vya Kiswahili vifanyeje? Kwanza, vibuni kazi inayogawika na yenye tarehe ya mwisho. Istilahi za uwanja mmoja, tuseme afya ya uzazi au kilimo cha umwagiliaji, zinaweza kugawiwa wanachama hamsini, kila mmoja akachunguza istilahi kumi katika waraka mmoja unaofunguliwa na wote mtandaoni. Pili, pawe na mhariri anayejibu. Mchangiaji asiyejibiwa mara mbili hanyoshi mkono mara ya tatu, na hapo ndipo wahadhiri wanapohitajika zaidi. Tatu, kumbukumbu za chama zisihifadhiwe katika rununu ya katibu. Kiongozi huhitimu na kwenda zake, na aghalabu huondoka na nywila, orodha ya wanachama na rasimu za jarida, hata warithi wake wakalazimika kuanza upya kila mwaka. Nne, siri za wanachama zilindwe, maadamu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu yeyote kusambaza nambari za watu apendavyo.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa gharama ya intaneti humlemea mwanafunzi, na kwamba mitandao ya kijamii imejaa tahajia mbovu na lugha mseto. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini Ushahidi ulionyesha kuwa hata ujumbe mfupi wa rununu ya kawaida unatosha pale kazi inapopangwa vyema. Hoja ya pili inajikata yenyewe. Ikiwa Kiswahili kinachoandikwa mtandaoni kina dosari, nani wa kukisahihisha ila waliosomea kazi hiyo? Kususia uwanja hakujawahi kumletea mchezaji ushindi.

Mashirika mengi yanatafuta wafadhili ilhali hayajautumia utajiri yalio nao. Chama chenye wanachama mia moja waliosomea sarufi, tafsiri na fasihi kina hazina ambayo mfadhili hawezi kuinunua. Hazina hiyo haitazaa matunda kwa kutangaziwa mikutano pekee. Igawiwe kazi leo, maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha istilahi, tafsiri na makala kitabaki kuwafaa wengine baada ya viongozi wa sasa kuhitimu.