Mwana Asiye na Uso

Wamakonde husimulia kwamba hapo kale, katika vichaka vya Mahuta vielekeavyo Ruvuma, alitokea mtu asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha makaoni mwake. Usiku sanamu ikawa mwanamke. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru nyanda hizo mwaka 1906, aliitia hadithi hiyo kitabuni. Nayo haitaji macho ya sanamu ile wala midomo yake. Yataja kwamba ilisimamishwa, basi.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya hukumu moja iliyozagaa. Tangu Mtwara hadi maduka ya Mwenge, Dar es Salaam, kinyago kisifiwacho ni kile kipigacho kelele: shetani la mpingo, macho yamemtoka, meno nje. Fani hiyo, aliyoiasisi Samaki Likankoa miaka ya 1950, ina heshima yake na hatuibezi. Tunachokikataa ni kuifanya mizani ya kupimia kila kilichochongwa.

Mtazame mwana hiti wa Wazaramo, wa mwambao wa Dar es Salaam. Ni mwanasesere wa kale, aenea kiganjani: kigogo cha mviringo, hakina mikono wala miguu, na uso ni kama haupo. Kichwani ana msuko uliochongwa, kifuani vijititi viwili. Mwali alikabidhiwa alipowekwa ndani, akamtunza kama amtunzavyo mama mwanawe. Wapo wamwonao leo wakasema, "Huyu hakumalizika."

Wamekosea. Mikono ya mwana hiti ni mikono ya mwali anayembeba. Uso wake ni wa mtoto ambaye bado hajazaliwa; nani angethubutu kuuchonga? Fundi angeutia, angelikuwa amempokonya mwali mtoto wake. Palipoachwa wazi ndipo kazi ilipokamilikia.

Hasara ya hukumu hii si ndogo. Kijana ashikaye patasi leo hufunzwa na soko kwamba utulivu hauna mnunuzi. Na sisi wapenzi wa ushairi tusijitoe lawamani: mara ngapi tumeupita ubeti mtulivu tukakimbilia wenye kishindo?

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwana hiti hajitembezi. Tumsimamishe, tumpe japo usiku mmoja, kama alivyofanya yule mtu wa Mahuta.