MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Shilingi Mia Tano za Kila Nyumba



Juma lililopita palikuwa na ubishi katika jumuiya yetu. Tunacho kikundi cha simu, ambamo vijana watatu hutuandikia bila malipo saa za Misa, habari za wagonjwa wa kutembelewa, na bei ya mtama na alizeti mnadani. Fedha ya bando, shilingi 15,000 kwa mwezi, huitoa mfukoni mwao, nao sasa wamechoka. Akaja mfanyabiashara mmoja, akasema, "Nitawalipia mwaka mzima, ila kila asubuhi mtie tangazo langu la kubeti." Wengi wakafurahi. Ndipo mama mmoja akasimama. "Mwanangu alibeti fedha ya mbegu za karanga. Leo mnataka aletewe mchezo ule ule na jumuiya yake ya sala?" Watu wakanyamaza.

Basi, je, kazi ya kujitolea yaweza kuishi bila matangazo ya biashara? Yaweza. Tazameni Radio Maria. Ilianza katika parokia moja ya Italia mwaka 1983, na hapa Tanzania ilianza Songea mwaka 1996. Haitangazi biashara ya mtu. Huishi kwa sadaka za wasikilizaji, na wengi waitumikiao hujitolea.

Tazameni pia Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti iliyoanza mwaka 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003. Waandishi wake hawalipwi. Mwaka 2002 waandishi wengi wa Kihispania waliihama, wakaanzisha yao, maana walihofu kwamba matangazo yataingizwa. Hata leo hayajaingizwa. Watu mamilioni huichangia, wengi wao kidogo kidogo; tena mwaka 2016 wenyewe walianzisha mfuko wa akiba, kama sisi tuwekavyo nafaka ghalani kwa ajili ya mwaka wa njaa.

Kwa hayo twajifunza mambo manne. Kwanza, wengi watoe kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Tajiri mmoja akilipa yote, siku aondokapo kazi hufa. Na akibaki, neno lake ndilo hufuatwa. Pili, asiye na fedha atoe alichonacho: kibaba cha mtama baada ya mavuno, au kuwachajia vijana simu kwa sola yake. Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi, hata ikiwa ni ya shilingi mia. Michango mingi haifi kwa umaskini. Hufa kwa sababu watu hawajui fedha yao imekwenda wapi. Nne, mwenye mali akitaka kutoa zaidi, apokewe kwa shukrani, lakini asipewe amri zaidi. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili tu, na Bwana aliziona.

Jumuiya yetu ina nyumba 40. Tulikubaliana kila nyumba itoe shilingi 500 kwa mwezi. Jumapili nyumba 31 zilitoa, zikapatikana shilingi 15,500. Bando limelipwa, na zile 500 zilizobaki zimeandikwa daftarini kuwa ndiyo akiba yetu ya kwanza.

Yule mfanyabiashara tulimshukuru kwa heshima, tukamwomba naye atoe 500 kama nyumba nyingine. Bado hajajibu.

Karani wa Parokia, Haneti