NCHI YETU HAIKUWA TUPU

Ndugu wachimbaji, ndugu wa mjini!

Tuangalie ujanja wa picha. Mwaka 1865 Albert Bierstadt alichora bonde la Yosemite, Marekani: milima mirefu, mto, jua la dhahabu. Mtu hata mmoja hayumo. Watazamaji wakasema: pori tupu la Mungu! Lakini mwaka 1851 askari walikwisha kuingia bondeni, wakachoma vijiji vya Waahwahneechee na kuwafukuza wenyewe. Kwanza moto, halafu rangi.

Na kwetu? Mwaka 1898 msafara wa Charles Lemaire ulitumwa kupima Katanga, nchi aliyojitwalia mfalme Leopold. Mchora picha, Léon Dardenne, alikuwamo. Vipimo na rangi vilitembea njia moja.

Lakini vilima vyetu vilikuwa na wenyewe. Babu zetu walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha, wakafua misalaba ya shaba iliyokuwa fedha, karne nyingi kabla ya Union Minière kuzaliwa mwaka 1906. Jules Cornet alipofika mwaka 1892 alikuta mashimo yao. Anayekuta shimo limekwisha chimbwa, amegundua nini?

Leo nyumba za Kolwezi zinabomolewa ili machimbo yapanuke. Hatugombani na uzuri wa milima. Tunagombana na uongo wa nchi isiyo na watu. Tunadai kila ramani ya machimbo ionyeshe kwanza nyumba zetu, mashamba yetu na makaburi yetu. Asiyechorwa huhamishwa bila kuulizwa.

Tusikubali kufutwa!